Mi Isiyotulia: Bluzi, Roki na Sauti za Dada Wawili wa Georgia

Ukiwaona jukwaani kwa mara ya kwanza, macho yanakwenda kwa Megan. Mdogo wake, Rebecca, amesimama kama wapiga gitaa wa roki wanavyosimama: gitaa limekingama kiunoni, mdomo umekaribia maiki, mguu mmoja mbele. Megan naye amevaa gitaa, ila la kwake limelala chali, nyuzi zikitazama dari, mithili ya sinia la sambusa linalopitishwa kwenye shughuli. Mkono wa kulia unadonoa nyuzi. Wa kushoto haubonyezi kitu; umeshika kipande cha chuma kizito na unakitelezesha juu ya nyuzi, huku na huku. Sauti inayotoka haipandi ngazi, inateleza. Inaanza chini, inapita katikati ya noti bila kubisha hodi, inafika juu ikitetemeka kidogo. Halafu Rebecca anaimba, Megan anaingia juu yake au chini yake, na kwa sekunde kadhaa huwezi kusema koo hii ni ya nani na ile ni ya nani.

Bendi yao inaitwa Larkin Poe. Usimtafute Larkin, hayupo. Ni jina la babu yao wa vizazi vingi vilivyopita. Bendi ni hao dada wawili, Rebecca na Megan Lovell, waliokulia jimbo la Georgia kusini mwa Marekani, pamoja na mpiga besi na mpiga dramu wanaowasindikiza. Kila anayewatambulisha hurudia maneno yale yale: mchanganyiko wa bluzi, muziki wa asili na roki, wenye sauti za kuoana. Sentensi hiyo hubandikwa kwa bendi nyingi changa za siku hizi, na inafanana na pakiti ya viungo iliyoandikwa "viungo mbalimbali". Unajua ni vya kupikia. Hujui kilichomo.

Tena inaficha jambo la msingi. Vitu hivyo vinne si pilau ambayo kila kiungo humpisha mwenzake. Bluzi na uimbaji wa kuoanisha sauti wana ugomvi wa kweli, na ugomvi wenyewe ni juu ya noti moja tu. Bendi inayofanikiwa kuvichanganya ni ile iliyojua kuusuluhisha, hata kama yenyewe haikuwahi kuukalia kikao.

Kabla ya noti hiyo, tuyaondoe majina njiani.

Majina ya kwenye lebo

Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi hatuna haki ya kushangaa jina la muziki likidanganya. Tabora Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, Kilwa Jazz: zote zilikuwa bendi za kweli, zote zilipiga muziki wa kuchezeka uliochota kwenye rumba na kwenye ngoma za kwetu, na hakuna hata moja iliyopiga jazi kwa maana ya New Orleans. "Jazz" lilikuwa neno la kukujulisha kwamba hapa kuna magitaa, kuna mabomba ya kupuliza, na wanamuziki wamevaa suti.

Marekani ilidanganyana kwa namna mbaya zaidi. Mwaka 1920 kampuni ya Okeh ilimrekodi Mamie Smith, mwimbaji mweusi, akiimba bluzi, na santuri ikauzwa kupita matarajio. Wenye kampuni wakagundua kuna wateja weusi wenye fedha mkononi. Wakaunda fungu lao dukani, wakaliita "rekodi za mbari". Punde wakaunda fungu jingine kwa ajili ya wazungu maskini wa vijijini Kusini, wakalipa jina la kejeli la watu wa milimani. Kuanzia hapo muziki wa watu waliokaa jirani, waliopiga ala zile zile na kuimba nyingi kati ya nyimbo zile zile, ukagawanywa kwa rangi ya mnunuzi. Ukuta huo ulijengwa dukani. Mashambani na kwenye vibaraza vya nyumba ulikuwa na matundu kila mahali.

Mfano ni mji wa Bristol, ulio mpakani mwa Tennessee na Virginia. Majira ya joto ya mwaka 1927, mrekodi Ralph Peer alifungua mitambo yake pale, na ndani ya siku chache akapata familia ya Carter na kijana wa reli kutoka Mississippi aitwaye Jimmie Rodgers. Wote waliuzwa kwenye fungu la wazungu. Lakini A. P. Carter, mkuu wa ile familia, baadaye alizunguka vijijini kutafuta nyimbo akiongozana na Lesley Riddle, mpiga gitaa mweusi, na Riddle huyo ndiye aliyewashikia kichwani tuni ambazo Carter hakuweza kuzikumbuka. Na Rodgers aliimba bluzi waziwazi, akaichovya kwenye ule mruko wa koo wa wachunga ng'ombe wa milima ya Ulaya. Mwaka 1930 alirekodi wimbo mmoja na Louis Armstrong akimpigia tarumbeta.

Rodgers alikufa mwaka 1933, lakini santuri zake zilisafiri hadi kwetu. Zilifika kwa Wakipsigis wa Kenya, na pale jina lake likageuka Chemirocha. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipokwenda Kapkatet mwaka 1950 na mashine yake ya kurekodi, alikuta wasichana wanamwimba Chemirocha huyo, na akaelezwa kwamba ni kiumbe nusu mtu nusu paa. Rekodi ipo mpaka leo: sauti nyembamba za mabinti, ala ya nyuzi ikidundadunda chini yao. Mtu wa reli wa Mississippi aliyejifunza bluzi kwa vibarua weusi waliochota kwa babu zao wa Afrika, akaimbiwa Afrika, akiwa na miguu ya paa. Ukitaka kumweleza mtu kwa nini majina ya mafungu ya muziki hayashiki, mpe kisa hicho, usiongeze neno.

Sasa "muziki wa asili" wa Wamarekani, ambao wenyewe huuita muziki wa mizizi, ni mwavuli uliofunguliwa baadaye sana ili kuyakusanya mafungu yale: bluzi, gospeli, kantri ya zamani, muziki wa vinanda vya mkono wa Wafaransa wa Louisiana, na blugrasi, ule muziki wa kasi wa ala za nyuzi zisizo za umeme. Kwa hiyo kusema "bluzi na mizizi" ni kama kusema "wali na nafaka". Bluzi tayari imo ndani. Kinachomaanishwa kwa kawaida ni kwamba bendi inapiga pia ala zisizo za umeme na nyimbo zenye harufu ya kijijini. Tuendelee.

Noti inayogombewa

W. C. Handy, mwanamuziki mweusi aliyesoma noti na kuongoza bendi, alisimulia kwamba mnamo mwaka 1903 alikuwa amesinzia stesheni ya Tutwiler, Mississippi, akingoja treni iliyochelewa. Akaamshwa na mtu aliyevaa nguo zilizochakaa, viatu vimetoboka vidole vinachungulia, anapiga gitaa huku akikandamiza nyuzi kwa kisu. Kisu kikateleza. Handy aliuita muziki ule wa ajabu kuliko wote aliowahi kuusikia. Zingatia kwamba hakuwa mgeni. Alikuwa mweusi wa Kusini, na muziki ulikuwa kazi yake. Ugeni ulikuwa kwenye ule utelezi.

Watu hueleza bluzi kwa umbo lake: vipimo 12, makundi matatu ya noti yaliyojengwa juu ya do, fa na so, mstari wa kwanza unaimbwa, unarudiwa, kisha wa tatu unaujibu. Ni kweli, na ni rahisi. Mpiga gitaa wa mtaani atalishika umbo hilo mchana mmoja. Lakini ukilipiga kwa kinanda cha kanisani, noti kwa noti, halitoi bluzi. Linatoa zoezi.

Bluzi imo kwenye mi. Aliyeimba kwaya anajua do-mi-so: ndiyo nguzo tatu ambazo mwalimu huwapa soprano, alto na teno kabla ya wimbo kuanza. Mi ndiyo inayoamua hali ya hewa. Ikiwa juu, wimbo una jua. Ikishushwa nusu hatua, wimbo una wingu. Nyimbo nyingi za Ulaya huamua moja na kubaki nalo. Mwimbaji wa bluzi haamui. Anaianza mi chini, anaivuta kuelekea juu, anaiacha katikati, anairudisha. Anafanya hivyo pia kwa ti, na wakati mwingine kwa so. Gerhard Kubik, mtafiti aliyetembea Afrika kwa miongo mingi, aliutafuta ukoo wa uimbaji huu kwenye ukanda wa savana wa Afrika Magharibi, kuanzia upande wa Mali kuelekea kaskazini mwa Kameruni, ambako mizani ya sauti haikufungwa kwenye vibao vyeupe na vyeusi.

Wanaopima sauti hugawa kila nusu hatua ya kinanda katika senti 100. Senti hizi hazinunui kitu, ila zinafaa kwa hesabu. Kutoka do hadi mi ya juu ya kinanda ni senti 400. Hadi ile iliyoshushwa ni 300. Mi ya bluzi hutangatanga kati ya hizo mbili, na raha yake ni kutangatanga kwenyewe.

Shika gitaa ujaribu. Piga kundi la noti ambalo wapiga gitaa huliita A, liache livume, kisha kwenye uzi wa tatu bonyeza mahali pa tano, uusukume ule uzi kwa kidole kuelekea juu, taratibu. Kuna sehemu, kabla hujafika noti inayofuata, ambapo nywele za mkono husimama. Kinanda hakina kibao cha sehemu hiyo.

Kuoanisha sauti kunataka kinyume chake. Na hapa naomba niingie kanisani kidogo.

Niliimba teno kwenye kwaya ya mtaa kwa miaka kadhaa. Mwalimu wetu alikuwa mzee wa sol-fa, wa kuandika d : m : s ubaoni kwa chaki na kugonga meza kwa rula. Jioni moja tulikuwa tunafanya mazoezi ya Pasaka, kinanda kinatuongoza, alto wanaishika mi ya "Amina" ya mwisho, na kila tukifika hapo mzee anakunja uso. Hatukukosea. Alto waliifuata mi ya kinanda vizuri kabisa. Basi umeme ukakatika. Giza, kinanda kikafa katikati ya noti, sisi tukaendelea kwa mazoea. Tulipofika "Amina", alto wakashuka. Kidogo mno, kiasi ambacho hakuna aliyekusudia. Na paa la bati likaanza kuvuma. Kulitokea sauti ya tano, nene, iliyokuwa haitoki kwa mtu yeyote mle ndani. Mzee akasema gizani: "Hapo hapo. Msiguse."

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua tulichokifanya. Sauti mbili zikitofautiana kidogo tu, zinagongana. Ukipiga mitetemo 440 kwa sekunde pamoja na 443, sikio linasikia mapigo matatu kila sekunde, wau-wau-wau. Sauti zinapopatana kwa uwiano rahisi, mapigo yale yanakufa na zinavuma kama kitu kimoja. Do na mi zinapatana hivyo uwiano wao ukiwa 4 kwa 5, na hapo mi iko senti 386, si 400. Kinanda kimeipandisha senti 14 ili kiweze kuanzia do popote bila kupangwa upya. Ni mkataba mzuri, lakini ni mkataba. Koo zikiachiwa zenyewe kwenye noti ndefu, huwa zinavutwa kuelekea 386.

Ugomvi ndio huu basi. Kuoana kunataka mi itulie, tena mahali pamoja mno, senti chache tu na uvumi unavunjika. Bluzi inataka mi isitulie kabisa. Mwimbaji kiongozi anapoivuta mi yake, mwenzake aende wapi? Akibaki, zinagongana. Akimfuata, lazima ajue anakokwenda kabla hajafika.

Kiti ambacho roki ilikiacha wazi

Watu huichukulia roki kama kelele iliyomwagwa juu ya bluzi. Historia yake ya kelele ni kweli. Muddy Waters, mwimbaji na mpiga gitaa wa bluzi, aliondoka Mississippi kwenda Chicago mwaka 1943, na kwenye baa za kule, zilizojaa vibarua wa viwandani waliotoka kazini, gitaa kavu halikusikika. Umeme ukaingia, amplifaya zikafunguliwa hadi mwisho, spika zikaanza kukwaruza, na ule mkwaruzo ukapendwa. Vijana wa Uingereza wakazinunua santuri zake, wakauchukua mkwaruzo, wakaurudisha Marekani kwa jina la roki.

Lakini mkwaruzo una tabia moja ambayo ndiyo ufunguo wa habari hii. Amplifaya inayokwaruza haizidishi tu sauti, inazichanganya. Ukiipa noti mbili, inazalisha ya tatu, iliyo sawa na tofauti ya mitetemo yao. Ukiipa do na so, ile ya ziada inaangukia karibu kabisa na do ya chini, kwa hiyo gitaa linanenepa. Ukiipa do na mi ya gitaa la kawaida, lenye senti 400 kama kinanda, ile kasoro ya senti 14 inakuzwa: noti ya ziada inatoka mahali pabaya kwa senti 67 hivi. Ni matope. Ndiyo sababu wapiga gitaa wa roki, wengi wao bila hesabu yoyote, kwa masikio tu, walijifunza kupiga do na so pekee na kuitupa mi.

Fikiria maana yake. Gitaa la roki, lenye kelele kuliko vyote jukwaani, limeiacha wazi ile noti inayogombewa. Hakuna chombo kinachoishikilia pale senti 400 na kuwalazimisha wengine waifuate. Bluzi inaweza kuja kuitelezesha. Kisha, kwenye kiitikio, sauti mbili zinaweza kuja kuikalia kwenye 386 na ikavuma. Kinanda cha kwaya yetu kilikuwa mwenyeji asiyetoka sebuleni; gitaa la roki ni mwenyeji aliyekuachia nyumba.

Ndipo utaona kwa nini gitaa la Megan ni muhimu kuliko linavyoonekana. Gitaa lile la kulazwa halina ngazi inayobana noti. Popote chuma kinapokaa, ndipo noti ilipo. Ni koo jingine. Asili yake si Mississippi bali Hawaii, ambako kijana Joseph Kekuku anasifiwa kwa kuubuni upigaji huo mwishoni mwa karne ya 19. Wamarekani wa bara waliushabikia mno baada ya maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915. Wasomi wanabishana mpaka leo kama kisu cha yule mtu wa Tutwiler kina undugu na chuma cha Hawaii au ni mjukuu wa waya uliotundikwa ukutani, mchezo wa watoto weusi wa Kusini uliotokana na zeze za Afrika. Mimi naona hakuna ubaya wakiwa ndugu wa kambo.

Na gitaa la kwanza la umeme kufanikiwa sokoni, lile la kampuni ya Rickenbacker la mwanzoni mwa miaka ya 1930 lililobandikwa jina la kikaango kwa umbo lake, lilikuwa la kulazwa namna hii hii. Umeme uliingia kwenye gitaa kupitia Hawaii. Megan mwenyewe anajulikana kwa kupiga Rickenbacker kuukuu ya miaka ya 1940. Anayemwona akadhani ameleta kitu kigeni kwenye roki hajui kwamba ndiye ameshika mzee wa ukoo.

Jinsi wanavyosuluhisha

Sikiliza albamu zao na utakuta njia tatu, zinazobadilishana hata ndani ya wimbo mmoja.

Ya kwanza ni kupishana. Rebecca anaimba ubeti peke yake, anaivuta mi anavyotaka, na gitaa la Megan linamjibu kwa kuteleza. Huu ni utaratibu wa zamani wa bluzi yenyewe, wa kuita na kuitikiwa, na kila aliyecheza ngoma ya kijijini anaujua. Sauti ya pili inangoja kiitikio, mahali ambapo noti zimekaa.

Ya pili ni kuikwepa mi. Wakati kiongozi anaivuta, mwitikiaji anakaa so au do ya juu, noti ambazo hazina ugomvi na mtu. Matokeo yake ni ukavu fulani, sauti zenye uwazi katikati, kama mlango usio na shata. Georgia wanaijua sauti hiyo tangu zamani. Huko, na Alabama, kuna uimbaji wa dini wa karne ya 19 ambao mpaka leo watu huketi kwa mraba wakitazamana, wakisoma noti zilizoandikwa kwa maumbo: pembetatu, duara, mraba na almasi. Sauti zake mara nyingi huacha mi nje, na wageni huona zinatisha kidogo. Sina uhakika dada hawa wanazikumbuka nyimbo hizo wanapotunga. Ninachosema ni kwamba masikio ya mkoa mzima yamezoea.

Ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo inayowafanya watu walipe kiingilio: wanateleza pamoja. Rebecca anaianza mi chini, Megan anaanza noti yake chini kwa kiasi kile kile, wanapanda sambamba, wanafika pamoja, na zinapofika zinavuma. Waimbaji wazuri wa kukodi wanaweza kulifanya hilo baada ya mazoezi mengi. Ndugu hulifanya kama wanavyofanya mzaha wa nyumbani, mmoja akianza tu mwenzake keshacheka. Sehemu ya sababu ni umbo: koo, kinywa na pua zilizorithiwa sehemu moja hutoa rangi za sauti zinazokaribiana. Sehemu kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni matamshi. Irabu ndiyo inayobeba noti, na watoto waliojifunza kusema "a" kwa mama mmoja hufungua kinywa kwa kipimo kimoja na kukifunga kwa wakati mmoja. Wamarekani wana jina la kulitaja hili, maana yake ni kuoana kwa damu, na dada hawa waliipa albamu yao jina hilo mwaka 2022. Ndiyo iliyowapa tuzo ya Grammy ya albamu bora ya bluzi ya kisasa, Februari 2024.

Njia yao hadi hapo inaonyesha vilivyomo kwenye ile pakiti ya viungo. Walianza na vayolini, muziki wa kizungu wa kusoma noti. Kisha wakaingia blugrasi, na mwaka 2005 hivi walikuwa watatu, pamoja na dada yao mkubwa Jessica, wakijiita Lovell Sisters: Jessica vayolini, Megan gitaa la kulazwa lisilo la umeme, Rebecca mandolini. Mwaka 2006, akiwa na miaka 15, Rebecca alishinda shindano la mandolini kwenye tamasha la MerleFest, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Watatu wakaachana, na mwaka 2010 wawili waliobaki wakaanza Larkin Poe na kuvuta nyaya za umeme. Kuna wanaosimulia hili kama safari kutoka muziki wa wazungu kwenda wa weusi. Si sahihi. Bill Monroe, baba wa blugrasi, akiwa kijana Kentucky alipiga kwenye madansi pamoja na Arnold Shultz, mpiga gitaa mweusi mtoto wa mtu aliyezaliwa utumwani, na alimtaja maisha yake yote. Bluzi ilikuwa kwenye mandolini ya Rebecca kabla hajajua jina lake.

Hata hivyo swali la nani anavuna haliishi kwa kusema kwamba wote walichanganyika. Waliochanganyika hawakulipwa sawa. Lesley Riddle aliacha muziki, na akarekodiwa kwa jina lake mwenyewe uzeeni tu. Familia ya Carter iliingia kwenye historia kwa nyimbo alizosaidia kuzibeba. Dada wa Lovell wamekuwa wakiwataja wakongwe weusi wanaowaimba, na kwa miaka kadhaa waliweka mtandaoni video fupi za kuwavulia kofia waliowatangulia. Hilo ni adabu njema, na naipokea hivyo. Halifuti deni ambalo si lao peke yao.

Ndiyo maana napenda kuwasikiliza bega kwa bega na Southern Avenue, bendi ya Memphis iliyoanza mwaka 2015. Nao wana dada, Tierinii Jackson anayeimba na Tikyra Jackson wa dramu, weusi waliolelewa kwenye uimbaji wa kanisa, wakiwa na Ori Naftaly, mpiga gitaa aliyetoka Israel kwa kuipenda bluzi. Viungo ni vile vile kwenye pakiti, na ladha ni nyingine kabisa. Kwao sauti za kuoana hazingoji kiitikio. Zinamsukuma kiongozi kutoka nyuma kama waumini wanaomwambia mhubiri aendelee. Mi inatelezeshwa na kanisa zima. Ugomvi ule ule, suluhu yake ikapatikana chini ya paa jingine.

Kuhusu paa, ile jioni ya kwaya sikuimaliza. Umeme ulirudi wakati "Amina" yetu ingali hewani. Taa zikawaka, na mpiga kinanda, mtu mwangalifu, akabonyeza do-mi-so kuhakikisha hatukuwa tumeporomoka gizani. Do ilikuwa pale pale. So pale pale. Mi ya kinanda ikatoka juu kidogo ya mi ya alto, zikagongana, na uvumi wa bati ukageuka mlio wa mbu. Mzee hakugeuza hata kichwa. Alinyoosha kidole kuelekea kwenye kinanda, akakishusha taratibu: zima.